Mbao inakimbia fensi: namna ya kuseti bendisoo ipasue kwa unene mmoja

Malalamiko ni yale yale. Fundi ana ubao wa mninga, 2 kwa 6, anataka kuupasua katikati apate mbao mbili za milango ya kabati. Fensi, yaani ule ukuta wa mezani ambao ubao unauegemea, ameipima kwa futi mbele na nyuma, iko sawa. Anawasha bendisoo (msumeno wa bledi ya mkanda inayozunguka kwenye magurudumu mawili), anasukuma, na kabla ya nusu mita ubao unaanza kukimbia fensi. Anaukandamiza, bledi inalia, mkato unaingia tumbo. Ukitoka, upande mmoja una milimita 23, mwingine 17, na katikati pamebonyea. Anageuza fensi kidogo, anajaribu tena, anageuza tena, mpaka mbao ya bei mbaya inaishia jikoni.

Fensi mara nyingi inasingiziwa. Haina uwezo wa kunyoosha bledi. Kazi yake ni kuishika mbao kwenye njia ambayo bledi imeshakubali kuifuata. Ndiyo sababu hapa chini fensi yenyewe inaanza kuguswa kwenye hatua ya sita. Zile tano za mwanzo zinachosha, na ndizo watu wanazoziruka.

Vipimo ni vya bendisoo yenye magurudumu ya inchi 14 hadi 18, iwe ya kiwandani au ya kuchomelewa kwa chuma cha kona.

## Vifaa

- Bledi ya upana wa nusu inchi, meno 3 kwa inchi, meno ya ndoano (yaliyolala mbele kidogo). Mashine ya inchi 18 inaweza kubeba ya robo tatu.
- Plaiwudi ya mm 18: vipande viwili vya mm 200 × 500, kimoja cha mm 150 × 500, na pembetatu tatu zenye pande za mm 110.
- Gundi ya mbao na skrubu za inchi 1½, kama 20.
- Klampu mbili za G za inchi 6.
- Skwea ya chuma, rula ya chuma, venia (kipimo cha kubana cha kupimia unene).
- Spana za mashine yako, pamoja na spana za L.
- Mafuta ya taa, brashi ya waya wa shaba, mshumaa.
- Kopo tupu la soda na karatasi ya daftari.
- Vipande vya majaribio vya paina au saipresi: viwili vya unene wa inchi 1 na urefu wa mm 600, na kimoja chenye kimo (kutoka mezani kwenda juu, ubao ukisimama kwa ukingo) sawa na kazi halisi.
- Vijiti viwili vya kusukumia, miwani, barakoa. Glavu usivae; bledi ikinasa uzi wa glavu inavuta na mkono.

Plaiwudi ikague dukani kabla ya kulipa. Karatasi iliyosimamishwa ukutani miezi mingi huwa imeshapinda. Funga jicho moja, tazama kwenye ukingo wake kama unavyotazama mbao. Ikiwa na tumbo, iache hapo hapo.

## Hatua ya 1: Chomoa plagi, safisha

Kuzima swichi hakutoshi. Chomoa plagi, kisha iweke mahali unapoiona.

Fungua vifuniko. Tazama mpira uliovishwa kwenye magurudumu: vumbi la mbao likichanganyika na utomvu linaganda kama ugali mkavu, na kila likipita chini ya bledi, bledi inaruka. Likwangue kwa kipande cha mbao ngumu, si kwa bisibisi, maana bisibisi inachana mpira. Mpira wenye ufa au uliolegea ubadilishwe. Hauna marekebisho.

Kwa anayepasua saipresi au paina za mashamba ya West Kilimanjaro, utomvu ni adui wa kila wiki. Unajaa kwenye mashavu ya bledi, yaani pande zake bapa, bledi inasugua mbao badala ya kuikata, inapata moto, inarefuka na kulegea. Toa bledi, ipake mafuta ya taa, subiri dakika kumi, piga brashi ya shaba kufuata mwelekeo wa meno. Ikaushe kabisa kabla ya kuirudisha.

## Hatua ya 2: Ihukumu bledi

Hapa ndipo kosa huanzia mara nyingi, kwa hiyo usiwe na haraka.

Bledi inakula upande, yaani inaacha mstari, kwa sababu meno yake hayalingani. Kila jino limepinda kidogo, moja kushoto, moja kulia. Ya kulia yakiwa butu, ya kushoto yanakata zaidi na bledi inavutwa kushoto. Yaliyopindwa zaidi upande mmoja nayo yanavuta upande huo huo. Fensi haiwezi kutibu hilo.

Shika bledi kwenye mwanga wa jua na utazame ncha za meno. Ncha kali haionekani; ncha butu inameta kama kichwa cha pini. Kagua kama meno 30 kwenye sehemu tatu tofauti. Ukiona vimeta vingi upande mmoja kuliko mwingine, bledi hiyo iende kwa mnoaji, au itumike kukata kuni.

Chanzo kikubwa cha ubutu wa upande mmoja ni msumari. Grevilea za mipakani mwa mashamba ya kahawa, kuanzia Machame mpaka Marangu, ndizo zinazobeba misumari na seng'enge zaidi, kwa sababu zimekuwa nguzo za uzio zikiwa bado hai. Doa jeusi lenye ubluu kwenye mbao ni dalili ya chuma ndani. Sumaku inasaidia, ila haifiki kwenye chuma kilichozama.

Bledi ya chuma cha kawaida inanoleka. Sharti ni moja: kila jino liguswe mara sawa na lenzake, kwa nguvu ile ile. Moshi pana Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, na utunzaji wa misumeno ni fani kamili inayofundishwa pale, kwa hiyo si mji wa kukosa mtu anayeijua kazi hii. Mnoaji wa pembeni anayepitisha jiwe harakaharaka upande mmoja atakurudishia bledi kali inayokula upande vibaya kuliko mwanzo.

Kwa nini meno 3 kwa inchi? Kwenye ubao wa kimo cha inchi 6, meno 18 yanakuwa ndani ya mbao kwa wakati mmoja, na kila jino linabeba vumbi lake kwenye bonde lililo mbele yake mpaka litoke chini. Bledi ya meno 6 ina mabonde madogo. Yanajaa kabla ya kufika chini, vumbi linakosa pa kwenda, bledi inasukumwa pembeni.

## Hatua ya 3: Mkazo, na bledi inavyokaa kwenye gurudumu

Bledi iliyolegea ndiyo mama wa mkato wenye tumbo. Juu na chini imeshikwa, katikati haina wa kuishika. Ikikutana na sehemu ngumu inapinda kama upinde na kutoka pembeni. Ndiyo maana ubao unaweza kuwa na kipimo sahihi kwenye kingo zote mbili na bado ukawa na kosa la mm 3 katikati.

Visha bledi, meno yakitazama chini na kuja kwako. Rudisha nyuma vielekezi vyote, yaani zile beringi au vipande vinavyoibana bledi pembeni na kwa nyuma, vya juu na vya chini. Kwa sasa bledi isiguse kitu isipokuwa magurudumu.

Kaza. Alama za kipimo cha mkazo kwenye mashine nyingi usiziamini sana, hasa kama springi imezeeka. Tumia vipimo viwili:

Cha kidole: plagi ikiwa imechomolewa, pandisha nguzo ya juu, ile inayobeba vielekezi vya juu, mpaka kuwe na mm 150 hadi mezani. Sukuma shavu la bledi katikati kwa kidole, kwa nguvu ya wastani. Isisogee zaidi ya mm 6.

Cha macho: funga vifuniko, rudisha plagi, washa, simama pembeni na utazame bledi kwa mbele. Iliyolegea inaonekana kama ina ukungu, kingo zake zinatetemeka. Zima, ongeza robo mzunguko, washa tena. Siku itakaposimama tuli kama uzi wa timazi, umefika. Ongeza robo moja ya ziada na uishie hapo. Mkazo kupita kiasi unapinda fremu ya mashine ndogo na kukata bledi kwenye kiungo, pale ncha zake zilipochomelewa.

Chomoa plagi tena. Sasa gurudumu la juu. Kama mpira wake una mgongo katikati, tumia skrubu ya kuinamisha gurudumu, huku ukilizungusha kwa mkono, mpaka mabonde ya meno yapite katikati ya mgongo huo. Bledi ikikaa mbele sana au nyuma sana, inapanda mteremko wa mpira na kugeuka kidogo, na huko kugeuka ndiko kunakozaa kula upande hata kama bledi ni mpya. Kumbuka skrubu hii, tutairudia.

## Hatua ya 4: Vielekezi

Vya pembeni: kunja kipande cha karatasi ya daftari kuizunguka bledi, sogeza vielekezi viguse karatasi bila kubana, kaza, vuta karatasi. Nafasi inayobaki ni kama mm 0.1 kila upande. Usiisukume bledi pembeni unapokaza. Zungusha gurudumu kwa mkono uhakikishe inapita bila kuegemea.

Kwenda mbele na nyuma, vikae mm 1 hadi 2 nyuma ya mabonde ya meno. Vikitangulia vinagusa meno, na ndani ya dakika moja meno ya upande mmoja yamekwisha. Bledi mpya nyingi zimefia hapa.

Beringi ya nyuma iwe na nafasi ya mm 0.5. Mashine ikizunguka bila mbao, isizunguke. Ukianza kusukuma mbao, izunguke. Ikizunguka muda wote inachonga mgongo wa bledi.

Rudia yote kwa vielekezi vya chini ya meza. Wengi wanavisahau kwa sababu lazima upige magoti.

Jambo moja la mwisho: panda na ushuke na nguzo ya juu. Kama ulipima ikiwa chini kisha ukaipandisha mm 200, huenda vielekezi vimehama. Kwenye mashine za kuchomelewa hili ni la kawaida. Suluhisho rahisi ni kufanya vipimo vyote nguzo ikiwa kwenye kimo cha kazi, yaani mm 5 hadi 10 juu ya ubao utakaoupasua.

## Hatua ya 5: Meza iwe nyuzi 90 na bledi

Simamisha skwea mezani, iguse shavu la bledi kati ya jino na jino. Ikigusa jino itakudanganya, kwa sababu jino limepinda.

Kisha hakiki kwa mbao. Chukua kipande cha kimo cha mm 120 chenye chini iliyonyooka, kisukume kwenye bledi mpaka ikate kama mm 5, zima. Kizungushe bila kukibinua, ukipeleke nyuma ya bledi, mkato utazame mgongo wa bledi. Mgongo ukiingia kwenye mkato bila kulazimishwa, meza iko sawa. Ukiingia chini tu na kukataa juu, meza imeinama, na kosa unaloliona ni mara mbili ya kosa halisi.

## Hatua ya 6: Tengeneza fensi ya kimo

Fensi iliyokuja na mashine kwa kawaida ni fupi. Kimo chake kikiwa mm 60 na ubao wako ni mm 150, juu ubao unayumba na hakuna anayeushika. Fensi ifike angalau theluthi mbili ya kimo cha ubao.

Bandika vipande viwili vya mm 200 × 500 kwa gundi, tumbo la kimoja likitazama tumbo la kingine ili vinyooshane, kisha vibane kwenye sehemu tambarare usiku kucha. Kipande hiki cha mm 36 ndicho uso wa fensi. Kifunge juu ya kitako cha mm 150 kwa skrubu na gundi, halafu weka pembetatu tatu kwa nyuma: moja kila mwisho, moja katikati. Skrubu ziingie kwa nyuma na kwa chini. Usoni kusiwe na skrubu hata moja.

Pima kwa skwea sehemu tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Uso ukiinama mbele au nyuma, weka chini ya kitako kipande cha bati la kopo la soda, ambalo lina unene wa kama mm 0.1. Ongeza kimoja kimoja. Mafundi wanaotumia vipande vya mbao kama kabari wanaziba kosa la mm 0.3 kwa kitu cha mm 2, halafu wanashangaa.

Sugua mshumaa usoni, futa kwa kitambaa. Mbao iteleze bila kukwama.

Fensi nzima au nusu? Kwa mninga, mkongo au msaji uliokauka vizuri, fensi ya urefu wote inafaa. Kwa grevilea changa, mkaratusi, au mbao yoyote inayofunguka au kujifunga mara ikikatwa, fensi iishie mm 20 hadi 30 baada ya meno. Mbao hizo zina mkazo wake wa ndani. Kipande kikipinda kuelekea fensi nyuma ya bledi, kinabanwa kati ya fensi na bledi, na kinachosukumwa hapo ni bledi. Ukiikatisha fensi unakipa kipande hicho mahali pa kwenda.

## Hatua ya 7: Kuseti fensi kwenye mashine

Ifunge kwa klampu mbili, mbele na nyuma, sambamba na mfereji wa meza, ule ulionyooka unaopita kando ya bledi. Pima kwa rula kutoka ukingo wa mfereji hadi uso wa fensi, sehemu zote mbili zisipishane hata nusu milimita. Huu ni mwanzo tu. Bado hujaiuliza bledi inataka kwenda wapi.

Toa fensi. Chukua kipande cha majaribio cha inchi 1, kiwe na ukingo mmoja ulionyooka kabisa, piga mstari sambamba na ukingo huo. Washa, fuata mstari kwa mikono bila fensi, taratibu, ukiielekeza mbao namna bledi inavyotaka ili mstari usipotee. Ukifika mm 300, simama bila kuhamisha mbao. Mtu mwingine azime. Bledi ikishasimama, piga mstari wa penseli mezani kando ya ukingo wa mbao.

Linganisha mstari huo na mfereji. Ndani ya mm 300, tofauti inakuambia:

- Chini ya mm 1: vizuri. Rudisha fensi sambamba na mfereji na uendelee.
- Mm 1 hadi 4: rudi kwenye skrubu ya gurudumu la juu. Izungushe kiasi kidogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko, rudisha vielekezi mahali pake, rudia jaribio. Tofauti ikiongezeka, ulikwenda upande usio wenyewe. Kwa bledi nzima, majaribio matatu au manne yanatosha kuileta chini ya mm 1.
- Zaidi ya mm 4: bledi ni mbovu au vielekezi viliharibu meno. Rudi hatua ya 2.

Wapo wanaopendelea kuipinda fensi ifuate mstari wa penseli na kuacha gurudumu kama lilivyo. Inafanya kazi, ila kila ukibadilisha bledi unaanza upya. Kwa karakana yenye mashine moja na vijana watatu wanaoitumia, fensi iliyo sambamba na mfereji ni salama zaidi, kwa sababu yeyote anaweza kuihakiki kwa rula.

Ikibidi kuipinda, kanuni ni hii, fensi ikiwa kushoto kwa bledi. Ubao ukikimbia fensi, sogeza ncha ya nyuma ya fensi kuelekea upande wa bledi. Ubao ukiigandamiza fensi na kukwama, isogeze ncha hiyo iondoke upande wa bledi. Nusu milimita kwa wakati.

Sasa jaribio la kuthibitisha. Sukuma kipande chenye kimo cha kazi dhidi ya fensi, kata mm 100, zima, acha bledi isimame ndani ya mkato. Inama utazame kwa juu. Ukiona weusi mwembamba wa nafasi kushoto na kulia kwa bledi, ikiwa imekaa katikati ya njia yake, fensi imekubalika. Shavu moja likiwa limelala kwenye mbao na upande wa pili kuna pengo, bado fensi na bledi zinavutana.

## Hatua ya 8: Andaa ubao

Fensi nzuri haisaidii ubao uliojipinda. Uso unaoegemea fensi uwe umerandwa ukanyooka, na ukingo unaokaa mezani uwe nyuzi 90 na uso huo. Nyuso nyingine ziache zilivyo.

Fanya hesabu kabla. Ubao wa mm 50 ukishanyooshwa uso mmoja unabaki kama mm 47. Njia ya bledi inakula mm 1.5. Zinabaki 45.5, yaani mbao mbili za karibu mm 22.75. Kila moja ukiiranda unapata mm 19 safi na akiba kidogo. Anayetarajia mbao mbili za inchi 1 kutoka kwenye ubao wa inchi 2 anajidanganya.

Pima kutoka fensi hadi kwenye jino lililopinda kuelekea fensi. Ukipima hadi shavu la bledi utakosea kwa nusu milimita.

Ukavu nao una sehemu yake. Mbao iliyonunuliwa Moshi wakati wa masika, ikiwa imelala uani chini ya turubai, kwa nje inaweza kuonekana kavu na ndani ikawa bado mbichi. Ukiipasua, uso uliokuwa katikati unakutana na hewa kwa mara ya kwanza na kila kipande kinajikunja kama mkate wa kumimina uliokauka. Kwa fanicha za ndani lenga unyevu wa asilimia 12 hadi 14. Kama huna kipimo, ipasue ikiwa nene kwa mm 3 zaidi, ipange, usubiri.

## Hatua ya 9: Kupasua

Piga mstari wa penseli juu ya ubao kwenye njia ya mkato. Hauufuati, ni wa kukuonya mapema.

Shusha nguzo mpaka mm 5 hadi 10 juu ya ubao. Washa, acha mashine ifike mwendo wake kamili. Mkono mmoja unausukuma ubao kwenye fensi, mbele ya meno tu. Ukiusukuma sambamba na bledi au nyuma yake unaufunga mkato. Mkono mwingine unapeleka mbele. Mikono isikae kwenye mstari wa bledi. Mm 150 za mwisho ni za vijiti.

Mwendo ndio unaowashinda wenye haraka. Moshi kuna kata nzima inaitwa Pasua, lakini hata huko mninga wa kimo cha inchi 6 hauendi kwa kukimbizwa. Ubao wa mita 1 uchukue kama dakika 2. Saipresi ya kimo hicho hicho, kama dakika 1. Sikiliza mota: mlio ukishuka, punguza. Usisimame katikati ya mkato pia, maana bledi inayosugua mahali pamoja inapata moto na kuunguza mbao.

Umeme ukishuka jioni, mota inakosa nguvu na bledi inapunguza mwendo huku wewe ukisukuma vile vile. Matokeo ni tumbo. Waya mwembamba na mrefu wa ekstensheni unafanya kosa hilo hilo mchana kweupe. Kwa mota ya nguvu farasi 1.5 hadi 2 tumia waya wa mm² 2.5, na mfupi kadiri inavyowezekana.

Ukihitaji vipande vingi kutoka ubao mmoja, randa uso uliokatwa kabla ya kuuegemeza tena kwenye fensi. Kila kosa dogo la mkato wa kwanza linanakiliwa kwenye wa pili.

## Hatua ya 10: Pima, panga

Kwa venia, pima pembe nne na katikati kwenye kila kingo. Tofauti ya mm 0.3 ni kazi safi. Nusu milimita inaondoka kwa randa. Ikifika mm 1, usipasue ubao wa pili kabla hujajua sababu.

Simamisha vipande vyote viwili mara moja, au vipange kwa vijiti vya unene mmoja kila mm 400, vijiti vikipangana wima, na mawe au mbao nzito juu. Kipande kikilazwa mezani peke yake, upande mmoja tu ndio unaopata hewa, na asubuhi utakikuta kimebinuka. Wiki moja hadi mbili, ndipo urande kipimo cha mwisho.

## Ikikataa

Kingo sawa, katikati kuna tumbo. Mkazo mdogo, bledi butu, au unasukuma kwa nguvu. Anza na mwendo kwa sababu ndio rahisi kubadilisha.

Juu nene, chini nyembamba, kwa urefu wote. Meza au fensi haiko nyuzi 90. Bledi haihusiki.

Mwanzo sawa, mwisho umehama. Bledi inakula upande, au ubao umepinda na unayumba kwenye fensi. Ugeuze ubao uanze na upande mwingine: kosa likiufuata ubao, tatizo ni ubao; likibaki palepale, rudi hatua ya 7.

Mistari ya kupanda na kushuka kila baada ya umbali ule ule. Kiungo cha bledi kimechomelewa vibaya, au kuna uchafu uliorudi kwenye mpira. Pitisha kidole kwenye mgongo wa bledi, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, utakisikia kiungo kilichopinda. Hicho kinasuguliwa kwa tupa laini kwa nyuma.

Jana ilikuwa safi, leo imeharibika, na hakuna kilichoguswa. Uliza kama bledi ililazwa ikiwa imekazwa. Usiku kucha mpira unabonyea pale inapoubana na springi inachoka. Legeza kila jioni, tundika karatasi kwenye swichi iliyoandikwa BLEDI IMELEGEZWA, na asubuhi hesabu mizunguko ile ile wakati wa kukaza.